Kwa Nini Ulipita Njia Ile?

Sehemu ya Pili: Bisie na mlinzi mwenye kiti

Wiki iliyopita niliishia kwenye benchi la kituo kimoja cha polisi mjini Goma. Simu yangu ilikuwa imechomolewa sokoni nusu saa kabla, na afisa aliyeshika kalamu akaniuliza swali lake la kwanza. Hakutaka kujua mwizi alivaa nini wala alikimbilia upande gani. "Sasa mzee," alisema, "simu ya bei ile unaitia mfuko wa nyuma, ulitegemea nini?" Niliwaambia kwamba swali lile liliniuma kuliko simu yenyewe, nikaahidi kueleza leo kwa nini.

Kabla sijaeleza, msomaji mmoja wa Sake amenitangulia kwa barua kali. Anasema polisi yule hakukosea. Nyumba isiyo na komeo humwita mwizi, wazee walishasema tahadhari kabla ya hatari, na mtu wa vitabu kama mimi akianza kuona kila onyo ni tusi, basi mama zetu wote walitutukana utotoni. "Nikimwambia binti yangu asitembee na pesa mkononi," anauliza, "nimemlaumu kwa wizi ambao haujatokea?"

Hapana ndugu yangu, hujamlaumu. Lakini swali lako lina nusu ya pili ambayo hukuiuliza, na ili tuione nakuomba tuondoke Sake, tushike barabara ya Masisi, tupite Nyabiondo na Kibua hadi Walikale, kisha tusonge mbele mpaka Njingala. Hapo tutashuka, kwa sababu katika miaka ninayoizungumzia njia iliyobaki ilikuwa ya miguu.

Bisie ni kilima ndani ya msitu wa Walikale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa simulizi ya wenyeji, mwindaji mmoja aliokota huko jiwe jeusi lililokuwa zito kuliko ukubwa wake. Ilikuwa kasiteriti, mawe yanayoyeyushwa kupata bati. Haikupita miaka mingi kilima kikawa mji wa maturubai: maduka, baa, makanisa, vinyozi, na watu ambao wageni waliofika huko waliwakadiria kuwa zaidi ya 10,000. Sehemu kubwa ya kasiteriti iliyouzwa nje kutoka Kivu ya Kaskazini katika miaka hiyo ilitoka kwenye kilima hiki kimoja.

Barabara haikuwepo. Kila kilichoingia Bisie, kuanzia bia na unga hadi sabuni na betri za tochi, kiliingia mgongoni mwa mtu, na kila jiwe lililotoka lilitoka hivyo hivyo. Mbeba mzigo alijitwisha gunia la kilo 50 hivi, akashika njia ya matope na mizizi, akalala msituni, na siku ya pili ndipo akaiona barabara kuu ya Goma na Kisangani pale Njingala. Manegosia, yaani wachuuzi wa madini, walilipokea gunia wakalipeleka Kilambo. Huko ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara yenyewe. Askari waliwasimamisha waenda kwa miguu na pikipiki, ndege ikashuka, magunia yakapakiwa, ikaruka kwenda Goma kwenye kontuari, yaani nyumba za kununua madini. Nimewahi kumsikia mgeni akicheka kwamba huko Walikale hata barabara ni uwanja wa ndege. Ilikuwa kweli, na ndiyo lami iliyokuwa na kazi kuliko zote katika mkoa.

Sasa tuje kwenye maonyo. Mtu aliyekuwa akiingia njia ile na pesa, au akitoka nayo, alipewa maonyo yale yale ya kila njia ya msituni. Tembea na kundi. Usiondoke jioni. Pesa zigawe, nyingine kwenye soksi, nyingine ndani ya unga. Siku ya safari usimwambie mtu, na usiku wa kuamkia safari usionekane baa. Vaa kimaskini. Maonyo mazuri kabisa. Mimi mwenyewe ningemwambia mwanangu hayo hayo, na msomaji wa Sake angemwambia binti yake.

Shida ni moja tu. Kuanzia mwaka 2006 hadi Machi 2009 kilima kile kilikuwa mikononi mwa brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, iliyokuwa chini ya Kanali Samy Matumo, kikosi kilichotokana na wapiganaji wa Mai-Mai ambao hawakuwa wamechanganywa na vikosi vingine kama mpango wa jeshi ulivyotaka. Askari hao walikuwa na mashimo yao wenyewe. Walikuwa na salongo yao pia. Neno hilo zamani lilimaanisha kazi ya pamoja ya kufagia mtaa, lakini pale lilimaanisha siku ya kumchimbia mwenye bunduki bila malipo. Na juu ya njia ya kutokea walikuwa na barieri zao, ambapo mbeba mzigo hakupita mpaka atoe pesa au apunguziwe mawe.

Rudia sasa yale maonyo mbele ya barieri. Mmetembea kwa kundi? Vizuri, mtahesabiwa kwa urahisi. Mmetembea mchana? Barieri inafanya kazi mchana, kama posta. Umevaa kimaskini? Gunia lililo mgongoni ndilo linalotazamwa. Onyo la kutotembea usiku linamhusu mwizi anayeuogopa mwanga. Huyu alikuwa na kiti, kivuli cha kukalia, na sare iliyonunuliwa kwa kodi ya watu wale wale aliokuwa akiwapekua. Julai 2009 shirika la Global Witness lilitoa ripoti juu ya migodi ya mashariki mwa Kongo, na kichwa cha ripoti hiyo kilikuwa swali: ukishaelekezewa bunduki, utafanya nini? Sijaona kitabu cha ushauri wa kujikinga na wizi kinachojibu swali hilo.

Brigedi ya 85 ilipoondolewa Machi 2009, zamu ilichukuliwa na askari waliotoka katika kundi la waasi la CNDP na kuingizwa jeshini mwaka huo. Barieri zilibaki, waliobadilika ni wakaaji wa viti.

Wataalamu wa jinai wana nadharia maarufu juu ya haya. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba wizi hutokea pale mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia ya kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na ukosefu wa mlinzi anayeweza kuzuia. Ushauri mwingi wa polisi duniani, kutoka kwenye mabango ya stesheni za Ulaya hadi matangazo ya redio zetu, umejengwa juu ya wazo hilo. Nia ya mwizi huwezi kuifikia leo, kwa hiyo mwambie mwenye kitu akifiche na ajilinde. Siidharau nadharia hii, imeokoa mali nyingi. Ila inachukulia kwamba mwizi na mlinzi ni watu wawili. Bisie walikuwa mtu mmoja. Waswahili wana usemi wa fisi kukabidhiwa bucha, na nadharia ya 1979 haikuacha nafasi ya fisi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na polisi wangu wa Goma, na naomba msomaji wa Sake anisikilize kwa makini kwa sababu sote watatu tunatumia maneno yale yale. "Usitie simu mfuko wa nyuma" na "kwa nini ulitia simu mfuko wa nyuma" yana simu ile ile na mfuko ule ule. La kwanza husemwa asubuhi, na anayelisema ni mama. La pili husemwa jioni, baada ya hasara, na anayelisema ni mtu aliyelipwa mshahara ili simu isichomolewe. Mama akinionya ananiongezea nguvu. Mlinzi akiniuliza vile anajipunguzia kazi, kwa kuwa kosa likishakuwa langu, hakuna tena mwizi wa kutafutwa. Siku ile sokoni maelezo yangu yaliandikwa mistari minne, na mitatu kati yake ilinihusu mimi.

Na si polisi peke yake. Sisi wenyewe, majirani tusio na cheo chochote, tunaharakisha kumkosoa aliyeibiwa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Melvin Lerner na mwenzake Carolyn Simmons walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walimtazama mwanamke akionekana kupigwa shoti za umeme kila alipokosea jibu. Shoti zilikuwa za maigizo, lakini watazamaji hawakujua. Wale walioamini kwamba mateso yataendelea, nao hawana uwezo wa kuyazuia, ndio walioanza kumshusha thamani mwanamke yule. Lerner alieleza kwamba binadamu anataka sana kuamini dunia ina haki. Akiona mtu anaumia bure, ama akubali kwamba dunia si ya haki na kesho itakuwa zamu yake, ama atafute kosa kwa mwenye kuumia. La pili ni rahisi zaidi, na humfanya mtu apate usingizi. Ndiyo maana kwenye msiba wa wizi mgeni wa kwanza huuliza, "Mlango mlifunga?"

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliligusa jambo hili karne nyingi kabla ya maprofesa wa Marekani, na sijaona mahali lilipopimwa kwa uangalifu zaidi. Ili mwizi astahiki adhabu kubwa ya haddi, mafakihi walio wengi wanashurutisha kwamba mali iwe imetolewa kwenye hirzi, yaani mahali panapofaa kuhifadhia mali ya aina ile: sanduku kwa dhahabu, zizi kwa mbuzi, ghala kwa nafaka. Kitu kilichoachwa wazi njiani hakina hirzi. Mtu wa haraka atadakia, mnaona, sheria inamtazama mwenye mali! Ndiyo, inamtazama, lakini inapima tu adhabu ya mwizi. Pasipo na hirzi adhabu inateremka kutoka kwenye haddi mpaka kwenye taazira anayoikadiria kadhi. Dhambi haihami kwa mwizi ikaenda kwa aliyesahau kufunga. Mali inabaki ya mwenyewe, na lazima irudi.

Kuna na kisa cha Safwan bin Umayya, kilichomo katika mikusanyo ya hadithi ya Abu Dawud na Nasai. Alilala msikitini, nguo yake ya kujifunika akaifanya mto, na mwizi akaichomoa chini ya kichwa chake. Mwizi alipokamatwa na kufikishwa kwa Mtume, usingizi wa Safwan haukuhesabiwa kuwa kosa lake. Mafakihi wakatoa humo kanuni: kichwa cha mtu aliyelalia nguo yake ni hirzi tosha. Nadhani hata mfuko wangu wa nyuma ungepata wakili mbele ya mafakihi wale.

Sheria ya Kongo ni kavu zaidi, na ukavu wake unanipendeza. Kanuni ya Adhabu, ambayo msingi wake ni dikri ya tarehe 30 Januari 1940, inasema katika kifungu cha 79 kwamba mwizi ni yeyote aliyechukua kwa hila kitu kisicho chake. Basi. Hakuna neno juu ya saa, mfuko wala njia. Vifungu vinavyofuata vinapoongeza ukali, vinamtazama mwizi na si aliyeibiwa: amevunja, amepanda ukuta, ametumia ufunguo bandia, ameingia usiku nyumba inayokaliwa. Na katika orodha hiyo hiyo ya makosa yanayoongeza kifungo yumo mtumishi wa umma aliyeiba kwa kutumia kazi yake. Soma tena mstari huo ukiikumbuka barieri ya Bisie. Watunga sheria wa mwaka 1940 walikuwa wakoloni, wala sina haja ya kuwasifu, lakini hata wao waliona kwamba mlinzi anayeiba ni mwizi mbaya kuliko wa kawaida. Sisi tuliorithi kitabu tumekigeuza. Mlinzi akiiba tunaita ni ugumu wa maisha, na anayeibwa tunamwita mzembe.

Ugumu wa maisha upo kweli, na nisipoutaja nitakuwa nimemdhulumu askari. Askari wa kawaida wa Kongo kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kwanza kuibiwa. Mshahara wake ulitoka Kinshasa ukapitia mikono ya wakubwa wake, na kila mkono ulibaki na kitu. Kulikuwa na majina mengi ya askari hewa, na wale wa kweli walifikiwa na mabaki, wengine wasifikiwe kabisa. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, uliofika mwaka 2005, ulitumia nguvu zake nyingi kwenye jambo moja tu: kutenganisha anayetoa amri na anayegawa mishahara. Askari asiyelipwa aliambiwa nini? Aliambiwa yale yale tunayoambiwa wote, jipange, tumia kifungu cha 15, kifungu cha utani ambacho kila Mkongomani anakijua na hakimo katika katiba yoyote ya nchi hii. Naye akajipanga. Bunduki alikuwa nayo.

Desturi hii ina historia. Mei 1976, katika hotuba uwanjani Kinshasa ambayo imetajwa mara nyingi tangu hapo, Mobutu aliwaambia watu wake kwamba kama ni lazima waibe, waibe kidogo na kwa akili. Sijui nchi nyingine ambayo mkuu wake alitoa ushauri wa wizi hadharani akiuelekeza kwa wezi. Na waliousikiliza baadaye hawakuiba kidogo. Septemba 1991 na tena Januari 1993 askari wenye hasira ya mishahara walipora miji, kuanzia Kinshasa, na waliofunga milango kwa makufuli matatu waliporwa pamoja na wale waliofunga kwa moja.

Lakini onyo lililogeuka lawama kwa ukubwa wa mkoa mzima lilikuwa lile la mwaka 2010. Mwezi Septemba Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji na biashara ya madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Sababu ilikuwa ya haki: makundi ya kimafia na wenye silaha walikuwa wakinufaika na madini. Dawa ikawa kumfungia mchimbaji shimo. Amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Manegosia walifilisika, wabeba mizigo wakarudi vijijini mikono mitupu, na Walikale, ambako chumvi na sabuni zilikuwa zikija na ndege zilizofuata mawe, maduka yalikauka. Wachunguzi waliendelea kuripoti kwamba wanajeshi walikuwa bado wanachimba na kusafirisha. Kwa hiyo amri dhidi ya wezi iliwaondoa kilimani walioibiwa, na wenye bunduki wakabaki. Ukiacha kuchimba hutaporwa, ni kweli kabisa. Hata maiti haiporwi njiani.

Miezi miwili kabla ya amri hiyo, Julai 2010, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Kwetu ilipata jina la "sheria ya Obama". Nia yake ilikuwa njema na sitaizungumzia kwa urefu, maana inastahili makala yake. Naitaja kwa sababu moja: wanunuzi wengi waliona njia rahisi ya kuwa safi ni kuacha kununua kwetu kabisa. Mchimbaji wa Bisie, aliyekuwa akitozwa na askari, sasa akaitwa mtu wa madini ya damu, kana kwamba damu ile aliimwaga yeye.

Mwaka huo huo, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti, wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na wengine walivamia vijiji 13 kwenye barabara ile ile niliyokupitisha, kati ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwemo. Walipora nyumba kwa mamia na maduka, na wakabaka zaidi ya watu 300. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, umbali mfupi kwa gari. Habari zilipotoka, mojawapo ya maelezo ya kwanza ya wakubwa wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa ilikuwa kwamba doria ilipita kijijini na wanakijiji hawakuiambia kilichotokea. Mbona hamkusema? Ni ndugu wa damu wa "mbona mlipita?" Kwa haki, mwezi Septemba naibu mkuu wa operesheni za ulinzi wa amani, Atul Khare, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba hatua zilizochukuliwa hazikutosha. Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kabla ya kushika bunduki alikuwa mtu wa biashara ya madini, alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Ilichukua miaka kumi, lakini hatimaye swali liliulizwa kwa mtu anayestahili kuulizwa.

Niruke hadi Bisie ya leo. Wachimbaji wa mikono walitolewa, na mgodi wa chini ya ardhi wa kampuni ya Alphamin ulianza kutoa bati mwaka 2019. Kuna barabara, uzio, walinzi na mkaguzi. Mwaka 2024 mgodi huu mmoja ulitoa takribani asilimia 6 ya bati yote iliyochimbwa duniani. Tunaweza kusema hapa kila ushauri wa kiusalama umefuatwa kwa pesa ambazo mbeba mzigo hawezi kuziota. Machi 2025 wapiganaji wa M23 walipokaribia, kampuni ilisimamisha kazi tarehe 13 na kuwaondoa wafanyakazi. Tarehe 19 M23 wakaingia Walikale, wakatoka mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukafunguliwa tena. Ilikuwa busara, na nafurahi watu walitoka salama. Ninachokiona ni hiki: sikumsikia mtu yeyote akiiuliza kampuni kwa nini iliweka mashine zake mahali palipo wazi vile. Swali la mfuko wa nyuma huulizwa wenye mfuko mmoja.

Je, kuna ushauri wa kujikinga usiomwangukia aliyeibiwa? Upo. Ujerumani Magharibi ya miaka ya 1960 ilikuwa ikisumbuliwa na wizi wa magari. Ingeweza kuwaambia wenye magari wasiegeshe gizani, na bila shaka waliambiwa. Lakini mwaka 1963 serikali ililazimisha kila gari, jipya na la zamani, liwe na kufuli la usukani, na wizi ukashuka sana. Kazi ya kujikinga ilitoka kwa dereva mmoja mmoja ikaingia kiwandani na katika sheria. Kufuli la usukani la Kivu ni kung'oa barieri, na mshahara wa askari kumfikia mfukoni. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Onyo la kutembea kwa kundi haling'oi hata moja kati ya hizo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Sake, mwonye binti yako. Mwonye asubuhi, mwonye kwa upendo, na umwambie pia kwamba akiibiwa jioni, wewe utauliza mwizi ni nani kabla hujauliza pesa zilikuwa wapi. Polisi wangu hana ruhusa ya kuanza na swali lako, kwa sababu yeye analipwa kwa swali lingine.

Limebaki jambo moja ambalo nitalifungua wiki ijayo, nalo ndilo lililonifanya nianze mfululizo huu. Katika vijiji vingi vya Masisi, Rutshuru na Walikale wenye silaha hutoza kila kaya fedha za kila mwezi ziitwazo lala salama. Unalipa, unapewa jetoni, kipande cha karatasi chenye muhuri au saini, na mwezi huo unalala bila kuvunjiwa mlango. Ni ushauri wa kujikinga na wizi unaouzwa na mwizi mwenyewe, tena kwa risiti. Asiyekuwa na jetoni akiporwa, jirani humuuliza kwa nini hakulipa.

Nazihitaji jetoni hizo. Msomaji uliyewahi kulipa lala salama, au kulipa barieri yoyote kati ya Njingala na Goma, na bado unacho kile kipande cha karatasi, usikitupe. Andika nyuma yake tarehe, mahali na kiasi ulichotoa. Jina lako usiliandike. Kikae pakavu mpaka atakapopatikana hakimu wa kukisoma.